Winga wetu wa Nyamugari aliyeogopa mstari wa pembeni

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Nimeamua kuleta hili jambo kwa sababu kila nikipita humu naona watu wanavyowaporomoshea matusi mawinga wa timu zao. Roho inaniuma. Ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu mawili, na nyumba aliyokuwa analala huyo winga ni yangu. Kwa hiyo anayetafuta chai aende kwa mama ntilie, hapa hakuna.

Nitaenda taratibu, mnivumilie. Mimi ni fundi seremala, kuandika sio fani yangu.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mrundi niliyekulia Tanzania, kambi za upande wa Ngara. Amani iliporudi na watu wakaanza kurudi, na mimi nikavuka mpaka wa Kobero na mke wangu. Muyinga ndio mji wa kwanza wa nchi yangu niliouona nikiwa mtu mzima. Baadaye tukasogea mpaka Gitega, mtaa wa Nyamugari, nikafungua karakana ndogo ya vitanda na makochi.

Nyamugari Kiswahili kipo kwa wingi, ila sio hiki tunachoandikiana humu. Chao kina Kifaransa ndani, kina Kirundi, na kila kitu "iko". Kiatu iko, watu iko, Mungu iko. Siku ya kwanza tu walinibatiza jina: Tanzania.

"We Tanzania, kitanda yangu iko wapi?"

Nikazoea.

Sasa mtaa ule una timu. Na mashabiki wa timu ile, wakuu, sijawahi kuona watu wanaoumwa mpira kiasi kile. Kiongozi wao alikuwa Baba Zubeda, Mwislamu, muuza vitambaa, mtu wa kanzu safi na maneno makali. Mke wake, Mama Zubeda, alikuwa anauza sambusa na maji pale pale uwanjani. Baba Zubeda alikuwa na kiti chake cha mbao, kila mechi kinawekwa kwenye mstari wa pembeni upande wa kulia, na mwenyewe anakikalia kama kadhi.

Uwanja wenyewe ni wa shule. Hauna jukwaa wala uzio. Watu wanasimama kwenye mstari kabisa, vidole vya miguu vinagusa chokaa. Baiskeli zimelazwa hapo hapo, beseni za ndizi mbivu hapo hapo, watoto wamekaa miguu iko ndani ya uwanja. Mtu aliyesimama kwenye mstari ndiye shabiki wa kweli. Ukikaa nyuma wanakuuliza kama unaumwa.

Hayo yakae kichwani, nitayahitaji.

Basi siku moja nikaenda Buraza, nje ya mji, kutafuta mbao. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani wanaenda makwao, vijana wanacheza peke yao kwenye nyasi. Nikaona kijana mmoja mwembamba anapokea mpira, anaangalia mara moja, halafu hayupo. Beki anabaki anatafuta. Akatia majalo, mpira ukaenda kutua kichwani kwa mwenzake kama umepelekwa kwa mkono.

Nikasahau mbao.

Anaitwa Yoramu. Na yeye alikuwa amerudi kutoka Tanzania, kambi za upande wa Kibondo. Alizaliwa kule, Burundi alikuwa anaisikia tu kwenye hadithi za mama yake. Waliporudi walikuta shamba la baba yake limeshalimwa na ndugu, wakamegewa kipande. Wanaishi, lakini kwa kubanana.

Nikaongea na mama yake. Nikamweleza kwamba tajiri wa timu yetu ana gereji, na mchezaji akisajiliwa anapokelewa pale kujifunza umakanika. Yoramu aliposikia gereji macho yalimtoka kuliko aliposikia mpira. Mama akaniuliza atalala wapi. Nikasema kwangu.

"Akishindwa, umrudishe wewe mwenyewe," akaniambia. "Usije ukampakiza tu kwenye gari kama gunia."

Nikakubali. Hapo nikawa nimejifunga kamba bila kujua.

Mazoezi ya kwanza Nyamugari, kijana akafanya balaa. Mazoezi hayana watazamaji, ni wachezaji na kocha, na mimi na Baba Zubeda ambaye hajawahi kukosa. Mtoto anapita pembeni, anarudi, anapita tena. Beki wetu wa kushoto akaomba maji.

"Yampayinka!" Baba Zubeda akashangaa kwa Kirundi, akapiga makofi. "Huyu iko na mashini ndani!"

Mtaa mzima ukajua kabla ya magharibi. Gereji wakampokea kwa majaribio, akaanza kuvaa ovaroli kubwa kuliko yeye. Akawa anaingia nyumbani ananuka oili na anacheka peke yake. Mke wangu akasema hajawahi kuona mtu anafurahia uchafu vile.

Halafu ikaja mechi.

Wakuu, niliona aibu mpaka nikatamani kofia iwe kubwa zaidi. Yoramu anapata mpira, anaondoka vizuri, nafasi iko wazi pembeni, uwanja wote unapiga kelele aende. Anafika karibu na mstari, ghafla anaingia ndani, katikati ya mabeki watatu. Wanamnyang'anya. Anapata tena, anaingia ndani tena. Wanamnyang'anya tena.

Tukasema ni mechi ya kwanza, ana woga wa ugeni.

Mechi ya pili ikawa hivyo hivyo. Na iliyofuata.

Sasa mashabiki wakaanza kutafuta tiba, na hapo ndipo mtawajua watu wa Nyamugari. Mmoja akasema hajala vizuri tangu utotoni, akaleta mayai. Mke wangu akawa anampikia mayai na maharage mpaka kijana akaomba apumzishwe. Mwingine akasema ni viatu, akamwazima vya kaka yake. Wakristo wakamwombea Jumapili, Waislamu Ijumaa, yaani winga mmoja alikuwa anabebwa na dini mbili na bado anaingia ndani. Wapo walionong'ona kuwa amefungwa kichawi na wapinzani wetu wa Giheta.

Na kila tukitoka uwanjani ni matumaini tu. Mechi ijayo ataamka. Mechi ijayo mtaona. Nadhani hakuna mtu duniani anayesamehe haraka kama shabiki aliyewahi kukuona mazoezini.

Lakini matumaini nayo yanachoka. Maneno yakabadilika.

"Iko na mbio, mais haina roho," Baba Zubeda akaniambia siku moja karakanani. "Hawa rapatriés, Tanzania, mi nakuambia wazi. Walizoea kupewa chakula na wazungu. Kupigana hawajuwi."

Mais ni "lakini" yao ya Kifaransa, na rapatriés ndio sisi tuliorudi. Nikamwangalia. Na mimi si mmoja wao? Kitanda anacholalia nimekichonga mimi. Nilikasirika sana, ila nikaendelea kupiga randa, maana ningeacha randa mkono ungekuwa na kazi nyingine.

Kocha akaniita pembeni. Akasema zimebaki mechi mbili za kirafiki kabla ya kufunga usajili: Muyinga ugenini, halafu Giheta nyumbani. Asipobadilika, nafasi anapewa mtu mwingine, na gereji hivyo hivyo.

Nikaanza kuona sura ya mama yake Buraza. Nakula, naiona. Napima ubao, naiona. Ile ilikuwa stress, wakuu, siwafichi.

Tukaenda Muyinga kwa lori la tajiri, kupitia Karuzi.

Kipindi cha kwanza upande wake wa kulia ulikuwa na umati wa Muyinga, watu mpaka kwenye chokaa, baiskeli, beseni, watoto, kila kitu kama kwetu. Akapokea mpira, akaondoka, akaingia ndani. Wakamnyang'anya, wakaenda kutufunga. Mmoja wetu akasema kwa sauti, "Rudisha mtoto kwa mama yake." Yoramu alisikia, niliona shingo yake.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli. Sasa kulia kwake kukawa upande wenye ukingo mrefu wa udongo, watu wamekaa juu kabisa, wanatazama chini. Pale mstarini hapakuwa na mtu hata mmoja.

Mpira wa kwanza alioupata, nilifumba macho.

Nikafumbuliwa na kelele. Kijana alikuwa amepita na mstari, beki amelala, na majalo yameshaondoka. Bao. Hatujamaliza kushangilia, amepita tena. Bao la pili. Beki wa Muyinga akawa anamshika jezi waziwazi na bado anaburutwa.

Tulishinda. Baba Zubeda alinikumbatia, kanzu ikajaa vumbi la mbao ambalo sijui nilitoka nalo vipi Gitega. Akasema maji ya Muyinga yana kitu, akataka tubebe dumu.

Mimi furaha ilikuwepo, lakini kichwa kilikuwa kinazunguka. Mtu mmoja, viatu vile vile, mayai yale yale. Kipindi kimoja mwoga, kingine simba?

Tuliposimama Karuzi kula brosheti, yaani mishikaki, nikamchukua kando.

"Yoramu, nini kilibadilika?"

"Kaka, sijui. Upande ule ulikuwa wazi tu."

"Wazi vipi? Mabeki si walikuwepo?"

"Mabeki siwaogopi." Akatafuna kidogo. "Watu hawakuwepo. Na vyombo."

Vyombo gani? Ndipo akanisimulia, tena anacheka, kama anasimulia ujinga wa utotoni.

Uwanja wao kambini ulipakana na bomba za maji. Mstari wa kulia ndio ulikuwa foleni ya akina mama, ndoo na madumu yamepangwa toka mwanzo wa uwanja mpaka mwisho. Maji yanatoka saa fulani tu, yakikatwa yamekatwa. Ukipita na mpira ukagonga ndoo ya mtu, umemwaga maji ya familia. Kwa hiyo watoto walijiwekea sheria: mpira ukigusa foleni, timu yako imefungwa bao. Mawinga wa kule wakajifunza kuingia ndani mapema, kabla ya kufika kwenye ndoo.

Halafu kuna siku alikosea. Alikuwa mdogo, akagonga ndoo za bibi mmoja, na bomba zilikuwa zimeshafungwa. Mama yake hakumchapa. Alibeba maji yao wenyewe akampa yule bibi. Nyumbani hawakupika.

"Tangu hapo nikiona watu wamepanga mstari na vyombo, miguu inageuka yenyewe," akasema. "Hata sifikirii, kaka. Nikishituka niko katikati."

Mimi nimekulia kwenye foleni hizo hizo. Nilimwona kila wiki akigeukia ndani mbele ya beseni la ndizi na haikunijia hata siku moja. Sisi wote tulikuwa tunamtafutia ugonjwa, kumbe kijana alikuwa anatulindia beseni zetu.

Tulivyorudi nikaenda kwa Mama Zubeda, pale wanapokutana mashabiki kula sambusa, nikawaeleza. Nikaomba jambo moja tu: mechi ya Giheta watu warudi nyuma ya mstari, hatua kadhaa, na vyombo vyote. Nitafunga kamba mwenyewe.

Kicheko chake, wakuu!

"Hii ni football ama ni kliniki?" Baba Zubeda akasema. Halafu hakucheka tena. "Sikia, Tanzania. Sisi tulibaki hapa. Risasi ilipita juu ya hii mtaa, hatukusogea. Saa hii nisogee sababu ya mtoto ya kutoka kambi? Mi nakaa kwa ile mstari tangu nilikuwa na nywele."

Wapo walioinamisha vichwa, nao walikuwa wamerudi kama mimi. Nikamjibu. Nikamwambia hakuna anayemnyang'anya mtaa wake. Nikamwambia na sisi hatukwenda kule kutalii.

Aliyekata maneno ni Mama Zubeda. Alikuwa anageuza sambusa kwenye karai, hakuinua hata macho.

"Baba Zubeda, wakati ya vita nani alikuwa anaenda ku source kukamata maji ya hii nyumba? Si mi? Ukimwaga, unarudi nyuma ya foleni unalia. Umesahau, sababu si wewe ulikuwa unabeba." Akatoa sambusa, akaziweka kuchuja mafuta. "Mi beseni yangu nitaweka nyuma. Itauzika tu. Mwenye njaa iko na miguu."

Wakaanza kukubali mmoja mmoja. Baba Zubeda akaondoka bila kuaga.

Siku ya mechi nikafunga kamba toka asubuhi, upande wa kulia wote. Watu walikuja, wakanung'unika, wakakaa nyuma ya kamba. Baiskeli nyuma, ndizi nyuma, watoto nyuma, sambusa nyuma. Mstari ukabaki mweupe, mzuri, peke yake.

Isipokuwa kitu kimoja.

Katikati kabisa, pale pale pa siku zote, kiti cha mbao, na Baba Zubeda juu yake, kanzu imenyooshwa, anaangalia mbele. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi nilijaribu kumfuata, kocha akanishika mkono, refa alishapuliza.

Yoramu akapata mpira wake wa kwanza. Akaondoka. Beki wa kwanza akapitwa. Mstari wazi mbele yake, anaufuata, anaufuata, watu wameshaanza kuinuka.

Akafika kwenye kiti.

Akaingia ndani. Wakamnyang'anya.

Hakuna aliyezomea. Uwanja mzima uligeuza macho, hayakwenda kwa Yoramu, yalikwenda kwenye kiti. Hata watu wa Giheta wakageuka, bila kujua wanatazama nini.

Baba Zubeda alikaa. Akajikuna ndevu. Akamwangalia yule kijana aliyekuwa amesimama katikati, mikono kiunoni, anatazama miguu yake mwenyewe kana kwamba si yake. Nadhani ndio mara ya kwanza alimwona kwa karibu, maana uso wa Baba Zubeda ulilegea.

Akasimama. Akabeba kiti chake begani, akatembea kuja kwetu, akapita chini ya kamba huku analaani kwa lugha zote anazozijua. Mama Zubeda akamsogezea nafasi.

Mpira uliofuata Yoramu alipita na mstari mpaka mwisho. Chokaa ilikuwa inaruka chini ya viatu vyake. Aliinua kichwa, akatia majalo, mshambuliaji wetu akapiga kichwa, nyavu.

Sikumbuki vizuri nilichofanya. Mke wangu anasema nilikaa chini nikashika kichwa nikawa nasema asante, asante, na sijui nilikuwa namwambia nani. Nilihisi kama mtu amenishusha mzigo wa mbao mgongoni. Pembeni yangu Baba Zubeda alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Bao hiyo ni ya kiti yangu!" alikuwa anapiga kelele. "Andikeni! Ni kiti yangu imepiga centre!"

Na sasa nisikilizeni hapa. Kipindi cha pili Yoramu alihamia upande wa pili wa uwanja, na kule sikuwa nimefunga kamba. Nilikuwa na kamba moja tu. Nikaanza kukimbia kuzunguka ili niwaombe watu. Sikufika. Kabla sijafika nusu niliwaona wanarudi nyuma wenyewe, taratibu, mstari mzima, mtu anamvuta mwenzake mkono, mama anainua beseni lake. Hakuna aliyewaambia. Waliobaki na waliorudi, huwezi kujua nani ni nani, wote wanarudi nyuma.

Hapo ndipo machozi yalinitoka. Bao halikuniliza, hili liliniliza.

Alisajiliwa. Gereji wakampa ovaroli ya saizi yake. Na kadiri miezi ilivyoenda kamba ilisogea mbele kidogo kidogo, yeye mwenyewe ndiye alikuwa anasema tusogee, mpaka siku moja hatukuifunga kabisa na hakuna aliyekumbuka. Sasa anapita kando ya beseni la Mama Zubeda na anaomba sambusa akiwa anakimbia.

Jumapili iliyofuata baada ya mechi ile nilienda Buraza, kwa mguu wangu, kumpa mama yake Yoramu habari. Mama aliponiona peke yangu aliacha jembe. Alidhani nimekuja kumwambia kijana anakuja nyuma na mzigo wake. Nikamwambia haraka haraka: amesajiliwa, gereji wamemchukua. Akakaa kwenye tuta.

Kisha nikamsimulia habari ya ndoo. Alikuwa hajui. Ile siku ya kambini alishaisahau, ilibidi aitafute. Alipoikumbuka akafunika mdomo na kitenge, akacheka, akalia, vyote kwa pamoja.

Aliniambia kwa Kirundi, nami naweka kwa Kiswahili jinsi nilivyosikia:

"Mwambie tumerudi nyumbani. Maji yapo. Amwage tu."

Nilichojifunza, wakuu: kabla hujasema kijana wa timu yako haendelei, angalia kwanza wewe umesimama wapi. Inawezekana anachokusubiri ni hatua zako mbili za kurudi nyuma.

Uwanja ni wenu. Na kama yupo humu aliyepitia kambi, aseme bila aibu: ni kitu gani mwili wako bado unafanya wenyewe mpaka leo? Mimi bomba likitoa maji tu, najaza kila chombo ndani ya nyumba, hadi vikombe. Mke wangu ameshachoka kunisema.